Deni halibadilishwi dirishani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Singida. Wiki mbili zilizopita aliandika kwamba nchi iliyozidiwa na madeni ikiwa ndani ya sarafu ya pamoja ina dawa moja tu: itoke, ichape fedha yake, ianze upya. Mfano wake ulikuwa Ugiriki, ambayo kwa maoni yake ilikosa ujasiri mwaka 2015. Akahitimisha kwa kutaka Tanzania nayo ijiondoe kwenye mpango wa sarafu moja ya Afrika Mashariki kabla hatujavishwa kitanzi.

Barua ilikuwa kali na imeandikwa vizuri. Niliisoma mara mbili, nimekaa juu ya kreti tupu pembeni ya shamba, kijana wangu anapiga salfa kwenye mizabibu. Mara zote mbili nilijikuta nasema kwa sauti, huyu bwana hajawahi kukaa nyuma ya dirisha la benki.

Mimi nimekaa, miaka thelathini na sita, hapa hapa Dodoma, kuanzia 1978 hadi 2014. Jina la benki halina haja. Nilianza kwa kuhesabu noti kwa vidole na kasponji kalicholowa maji, nikastaafu mashine inahesabu bunda zima kabla hujamaliza kukohoa. Siku hizi nalima zabibu Hombolo, eka mbili na nusu, na shahada ya uchumi sina. Ninachokijua ni njia ya noti, inavyotoka kwenye chumba cha hazina ikiwa mpya na inavyorudi imechakaa inanuka samaki. Na ninaujua uso wa mtu aliyeambiwa kwamba hela aliyoishika si hela.

Uso wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa wa babu yangu. Alikuwa mtu wa ng'ombe, Mvumi, na benki hakuwa na habari nayo. Alipouza mafahali wawili mnadani alizitia noti kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifukia kwenye kona ya tembe, chini ya kilindo cha mtama. Zilikuwa noti za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, toleo lile la mwisho lenye picha ya mashua ya tanga. Noti hiyo hiyo ilinunua chumvi Mvumi, ikanunua chumvi Kisumu na Masaka, maana tangu miaka ya 1920 Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa na shilingi moja. Kwa hiyo msomaji wa Singida anapoiandika sarafu ya pamoja kama kitu kigeni tunacholetewa leo, namkumbusha kwamba tumeshaishi ndani yake na tumeshatoka.

Tulitoka mwaka 1966. Benki Kuu yetu ilifungua milango mwezi Juni, Wakenya na Waganda nao wakawa na zao, na shilingi ya zamani ikabadilishwa kwa mpya moja kwa moja, bila kupunjwa senti. Hakuna nchi kati ya hizo tatu iliyokuwa inamkimbia mdai. Shilingi zote tatu ziliendelea kulingana thamani, na hata Waingereza waliposhusha pauni yao Novemba 1967, sisi watatu hatukuwafuata. Ukitaka kuona ndugu wanavyogawana bila kutoana macho, ni pale. Watu walipewa muda wa kubadilisha, redio ikatangaza, ikatangazwa na mnadani. Babu alisikia. Alisema shilingi ni shilingi, aliyeziandika anazijua.

Alilifukua kopo mwaka 1969, alipokuwa anamtafutia baba yangu mdogo mke. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaenda naye dukani kushika mzigo. Mwenye duka alizichukua zile noti, akazigeuza upande huu na upande huu, akazirudisha juu ya kaunta taratibu. Akasema, "Mzee, hizi zimekwisha." Babu hakugomba. Alizikusanya moja moja, akawa anazinyoosha pembe zilizojikunja kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akanigeukia mimi niliyekuwa shule akaniuliza, "Zimekwisha, zimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Basi kama kuachana kwa heri, kwa muda wa kutosha na kwa bei ya moja kwa moja, kulimwacha mzee mmoja na kopo, hebu tufikirie kuachana kwa usiku mmoja, nchi ikiwa inawakimbia wadai.

Msomaji wangu anaandika "ichape fedha yake" kana kwamba ni kadi za harusi. Noti inachukua muda. Inachorwa, inatengenezewa karatasi yake, inawekwa uzi na alama ya maji, inaagizwa, inasafirishwa kwa ulinzi, inagawiwa kwenye matawi, na mashine zinafundishwa kuitambua. Wazungu wenyewe walipokuwa wanaingia kwenye euro walifunga viwango mwaka 1999 na noti zikaja kushikwa mkononi Januari 2002. Ugiriki ilijiunga mwaka 2001, ikaiacha fedha yake ya zamani, drakma, kwa bei ya drakma 340.75 kwa euro moja. Hiyo ni kuingia, kila mtu anataka, hakuna anayekimbia.

Kutoka hakuwezi kwenda hivyo, na sababu ni rahisi. Ukitangaza kwamba baada ya miezi sita euro zilizo benki zitageuzwa drakma, na kila mtu anajua drakma hiyo ikizaliwa itaanguka, nani atasubiri miezi sita? Atatoa zake leo mchana. Mimi ningekuwa wa kwanza kwenye foleni, tena mimi karani. Kwa hiyo inabidi iwe siri, ifanywe Jumapili usiku, na watu waamke Jumatatu wakute imeshafanyika. Lakini noti za kuwapa Jumatatu hiyo huna, kwa sababu ungeanza kuzichapa miezi sita nyuma, siri ingevuja. Ni fundo ambalo sijaona mtu analifungua. Hata mkataba wa Umoja wa Ulaya una kifungu cha nchi kuuacha Umoja mzima, ila cha kuiacha euro peke yake na kubaki ndani hakimo.

Mwaka 2015 ndio kwanza nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja, kazi yangu kubwa ilikuwa kuangalia taarifa ya habari na kumsumbua mke wangu. Niliifuatilia Ugiriki kama watu wanavyofuatilia ligi. Januari walimchagua Alexis Tsipras awe waziri mkuu, aliyeahidi kukomesha masharti ya kubana matumizi waliyowekewa na wakopeshaji tangu 2010. Mazungumzo yakasuasua mpaka Juni. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi akatangaza kura ya maoni, wananchi waseme kama wanayakubali masharti hayo, na Jumatatu, tarehe 29 Juni, benki hazikufunguliwa. Mtu mmoja, kadi moja, euro 60 kwa siku. Kisha kikatokea kitu kidogo ambacho nadhani wachumi hawakukiona kuwa kitu: mashine nyingi ziliishiwa noti za ishirini. Sitini haitoki kwa noti za hamsini. Watu wakawa wanapata hamsini.

Nilimwambia mke wangu, sasa hapo ndipo penyewe. Hakunielewa. Aliyekaa dirishani anajua kwamba benki haiishiwi fedha siku moja. Inaanza kuishiwa noti ndogo. Unamwambia mteja subiri kidogo, unaenda kumwazima mwenzako wa dirisha la tatu, naye hana, unarudi unatabasamu, na foleni yote imekuona ulivyokwenda mikono mitupu na ulivyorudi. Wazee wasiokuwa na kadi walifunguliwa matawi yao maalumu wachukue euro 120 za wiki. Nilimwona mzee mmoja kwenye televisheni amekaa chini, ameegemea ukuta wa benki, kofia mkononi. Nikamkumbuka mtu wa Mvumi.

Tarehe 5 Julai, asilimia 61 walipiga kura ya Hapana. Wiki moja baadaye serikali iliyoiomba Hapana hiyo ikakubali masharti magumu kuliko yale ya mwanzo, ikapewa mkopo wa tatu, hadi euro bilioni 86. Benki zikafunguliwa tarehe 20 Julai, lakini vizuizi vya kutoa na kuhamisha fedha vilimalizika kabisa Septemba 2019. Zaidi ya miaka minne! Msomaji wa Singida anaita huo ni woga. Mimi nasema kumbuka kwamba hayo yote yalitokea kabla drakma haijarudi, kwa harufu yake tu.

Kuna jambo jingine la majuma hayo. Katika mazungumzo ya Julai, wizara ya fedha ya Ujerumani chini ya Wolfgang Schäuble iliweka mezani wazo kwamba Ugiriki iondoke kwenye euro kwa muda, angalau miaka mitano. Mkopeshaji wako mkubwa akikuonyesha mlango kwa upole namna hiyo, kaa kwanza umuulize anaokoa nini.

Sasa nije kwenye deni lenyewe, maana hapa ndipo barua ya mwenzangu iliponishinda kabisa.

Jirani yangu wa shamba alinunua pampu na mabomba ya umwagiliaji mwaka 2022 kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Mkataba uliandikwa kwa dola, 4,000, alipe kwa awamu miaka miwili. (Siku hizi kanuni za mwaka 2025 zimekataza bei za ndani kupangwa kwa fedha za kigeni, lakini wakati ule ilikuwa kawaida.) Dola ilikuwa kama shilingi 2,300, akapiga hesabu ya shilingi milioni 9.2, akaona anaweza. Kufika katikati ya 2024 dola moja ilikuwa imevuka 2,600, na mahali pengine uliipata kwa kubembeleza. Awamu za mwisho zilimtoa jasho. Pampu ni ile ile, mizabibu ile ile, na mnunuzi wa zabibu hakumwongezea bei eti kwa sababu dola imepanda. Alikuja kwangu na makaratasi akiamini amedhulumiwa, nikamwambia ndugu yangu, hukudhulumiwa, umevuna shilingi na unadaiwa dola.

Ichukue habari hiyo uizidishe kwa nchi nzima. Ugiriki ikirudi kwenye drakma, mshahara wa mwalimu ni drakma, kodi inayokusanywa ni drakma, pensheni ni drakma. Deni linabaki euro. Drakma ikishuka nusu, deni limekuwa mara mbili mbele ya macho ya yule yule aliyetoka ili alikimbie. Hakuna dirisha popote duniani unapokwenda na hati ya deni wakakubadilishia kama noti.

Nimtendee haki mwenzangu, kuna wakati pangekuwa na njia. Mwaka 2010 mambo yalipoharibika, sehemu kubwa sana ya hatifungani za Ugiriki, yaani hati ambazo serikali inakopea, ilikuwa chini ya sheria za Ugiriki yenyewe. Bunge lao lingeweza kuandika sheria kwamba hatifungani hizi sasa zinalipwa kwa drakma, wadai wakapiga kelele, ikawa hivyo. Na kweli sheria yao ya nyumbani ndiyo waliyoitumia Machi 2012 kuwakata wadai binafsi zaidi ya nusu ya walichokuwa wanadai. Lakini hatifungani mpya walizopewa wadai baada ya hapo ziliandikwa chini ya sheria za Uingereza, na deni lililobaki likawa zaidi la serikali za Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kufika 2015, wakati Tsipras anapiga meza, sehemu kubwa ya deni ilikuwa imeshaondoka mikononi mwa bunge lake. Kama ni ujasiri, ulikawia miaka mitano.

Wala sitajifanya kwamba fedha yako mwenyewe haina faida. Nilikuwa dirishani mwaka 1986. Serikali ya Mzee Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa baada ya mvutano wa miaka mingi tangu enzi za Mwalimu, na dola iliyokuwa kama shilingi 17 ikafika 40 ndani ya miezi michache. Mkulima wa pamba alianza kupata shilingi nyingi kwa gunia lile lile. Sabuni na khanga, zilizokuwa zimeanza kurudi madukani tangu 1984, zikazidi kuonekana. Tungekuwa bado na shilingi moja na Kenya tusingeweza kufanya vile bila Nairobi kukubali. Hiyo ndiyo hoja kubwa ya watu wa kutoka, na ni hoja ya kweli.

Ila na mimi nilikuwa na mshahara. Nilipoanza kazi noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya shilingi 100, na mtu akija kuweka bunda la mia mia tulikuwa tunamwangalia mara mbili. Ikaja ya 200, ikaja ya 500, ikaja ya 1,000, mpaka leo tuna ya 10,000. Kila noti mpya ilipoletwa makarani wadogo waliishangilia kwa uzuri wake, na meneja wetu, mzee wa Kipare asiyecheka ovyo, alikuwa anatuambia tuiangalie vizuri, maana hiyo ni barua ya mazishi ya noti iliyotangulia. Kushusha thamani ya fedha kunamlipa anayeuza nje, na anayelipa ni mwenye mshahara na mwenye akiba. Si dhambi, lakini lazima mtu aseme nani analipa.

Hata shambani kwangu naiona. Shilingi ilipodhoofika 2023 na 2024, salfa ilipanda, chupa zikapanda, na mvinyo wa nje nao ukapanda, kwa hiyo wasindikaji wadogo wa Dodoma wakapata wateja kidogo zaidi wa mvinyo wetu. Nilifaidika? Kidogo, baada ya kutoa salfa.

Watu wa kutoka hupenda pia kuitaja Argentina, ambayo tangu 1991 iliifunga peso yake na dola moja kwa moja, ikalemewa na deni, na Januari 2002 ikaikata kamba. Kuanzia 2003 uchumi wao ulikua kwa kasi kwa miaka kadhaa, hilo sibishi. Lakini kabla ya hapo, Desemba 2001, watu walizuiwa kutoa zaidi ya peso 250 kwa wiki, marais wakapishana kama abiria wa daladala, na mwaka 2002 zaidi ya nusu ya wananchi walikuwa kwenye umaskini. Na walikuwa na kitu ambacho Wagiriki hawakuwa nacho: peso tayari ilikuwa mfukoni mwa kila mtu. Hawakuhitaji kuchapa upya. Zimbabwe nayo inatufundisha upande wa pili. Iliiacha fedha yake mwaka 2009, ikajaribu tena, na Aprili 2024 ikaja na nyingine inayoitwa ZiG. Kuwa na mashine ya kuchapa na kuwa na fedha ni vitu viwili.

Kwa hiyo ninasema Ugiriki ilifanya sawa kubaki. Lakini nikiliacha hapo nitakuwa nimesema nusu, na nusu hiyo inawapendeza wakopeshaji.

Kubaki kuliwaumiza vibaya mno. Uchumi wao ulipungua kwa kama robo. Mwaka 2013 watu 27 katika kila 100 wanaotafuta kazi hawakuwa nayo, na kwa vijana ilikuwa zaidi ya nusu. Pensheni zilikatwa, zikakatwa tena. Sisi wa umri wangu tunakumbuka kufunga mikanda baada ya vita vya Kagera, foleni ya sukari, barua ya balozi wa nyumba kumi. Tunajua mkanda una matundu mangapi. Mkopo wa kwanza wa mwaka 2010, euro bilioni 110, ulitolewa kwa jina la kuwasaidia Wagiriki, na sehemu kubwa ilipita tu Athens ikaenda kuwalipa wadai wa zamani, zikiwamo benki za Ufaransa na Ujerumani. Deni halikupunguzwa siku ile. Lilipokuja kupunguzwa 2012 wengi wa wadai hao walikuwa wameshatoka mlango wa nyuma. Shirika la Fedha la Kimataifa lenyewe lilikiri mwaka 2013 kwamba mpango ule wa kwanza ulikuwa na makosa makubwa.

Benki tulikuwa na msemo, mkopo chechefu, yaani usiolipika, una wazazi wawili. Aliyekopa anajulikana, jina lake linabandikwa. Afisa mikopo aliyeidhinisha huwa amehamishiwa mkoa mwingine.

Basi dawa ilikuwa kulikata deni mapema, 2010, wakiwa ndani, kabla ya kuwakata wazee pensheni. Msomaji wa Singida ameuona ugonjwa sawasawa ila ameandika dawa ya mgonjwa mwingine.

Na hapa ninafika kwetu, ambako ndiko anakonipa wasiwasi zaidi.

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Sarafu moja ilipangwa ianze 2024. Mwaka huo umepita na sasa inasemwa 2031. Masharti ya kuingia yapo: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato hilo likipimwa kwa thamani ya sasa, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya kuagiza bidhaa. Masharti mazuri. Wagiriki nao walikuwa na yao, na mwaka 2004 serikali yao ikakiri kwamba takwimu za nakisi walizoingilia zilikuwa zimepunguzwa. Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ikafungua kabati tena, ikakuta nakisi ni zaidi ya asilimia 12, na ilipohesabiwa vizuri ikapita 15. Msiba wote ule ulianzia kwenye daftari.

Nani atakagua daftari zetu? Itifaki imetaja Taasisi ya Fedha, ofisi ya takwimu na chombo cha kusimamia utekelezaji. Vizuri. Lakini tangu isainiwe na nchi tano, Jumuiya imefika nane, na ndani yake wamo wenzetu wa Kongo, ambako dola inatembea sokoni kuliko faranga, na wa Sudan Kusini, ambao bei zao zimewahi kupaa hadi kutisha. Siwasemi kwa ubaya. Nauliza daftari tu.

Halafu kuna swali ambalo sijalisikia likiulizwa Chamwino wala Arusha. Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga muswada wa fedha, kwa sababu serikali inayodaiwa ilitaka kodi zaidi kutoka kwao. Tuseme siku ile tungekuwa na sarafu moja. Tuseme Nairobi, au Dodoma, kwa nini isiwe sisi, inagonga mlango wa jirani kwamba tumeelemewa, tusaidieni sote tusizame. Mimi, mstaafu wa Hombolo, nimekubali kukatwa pensheni yangu nimlipie mwajiriwa wa Mombasa? Yeye amekubali kunilipia mimi? Mwaka 2015 tulimcheka Mjerumani, tukamwona bahili anayewanyima Wagiriki. Siku hiyo Mjerumani atakuwa mimi, na kusema kweli, Mhariri, sijui kama nitakuwa mkarimu kuliko yeye. Hilo linatakiwa kujibiwa kabla ya noti kuchorwa. Kuwe na mfuko uliochangiwa mapema, na ikubalike kwa maandishi kwamba anayekopesha nchi kizembe atakatwa kwanza kabla ya raia.

Kuna kumbukumbu moja ambayo viongozi wetu hawapendi kuifukua. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na kugawana mali na madeni kulikamilika kwa mkataba wa Mei 1984, baada ya msuluhishi wa Uswisi, Victor Umbricht, kuhangaika nasi kwa miaka: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba kugawana ndege, mabehewa na majengo. Na hapo sarafu zilikuwa zimeshatengana tangu 1966! Fikiria ndani ya lile rundo kungekuwa na amana za watu pia.

Kwa hiyo sikubaliani na mwenzangu kwamba tukimbie sasa, wala sikubaliani na wanaoitaja 2031 kama tarehe ya harusi. Sitaki kuingia nyumba ambayo sijaonyeshwa nani atashika ndoo moto ukiwaka.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mwaka baada ya bajeti za Juni, chapisha kwa Kiswahili yale masharti manne, na mbele ya kila sharti tarakimu ya kila nchi mwanachama, robo ukurasa inatosha. Nitaikata niibandike kwenye kibanda cha mizani, pembeni ya bei ya zabibu, ambako watu wanasubiri zamu yao na hawana cha kusoma.

Na msomaji wa Singida akipita Dodoma msimu wa mavuno wa Agosti, aje Hombolo aulizie karani mstaafu, ataonyeshwa. Tutakula zabibu. Noti moja ya babu bado ninayo, ya shilingi ishirini, mashua yake inaonekana vizuri. Nitamshikisha, na yeye aniambie zimekwenda wapi.

Karani mstaafu,
Hombolo, Dodoma